Piano ya Madam juu ya kanta, Nakuru mpaka Maragoli

JUMATANO, NAKURU

Siku imeanza na ugomvi wa wabebaji. Vijana wanne tuliowatoa steji walikuja na kamba moja na ujasiri mwingi, wakaangalia ile piano nyeusi kwenye sebule ya Madam, mwalimu wetu wa piano, pale Section 58 wakasema aah boss, hii ni kabati tu, shika huko. Nikawaambia kabati haina chuma ndani. Piano ya kusimama ina fremu nzima ya chuma, na juu ya hiyo fremu kuna nyuzi kama 230 zimevutwa, ukijumlisha mvuto wa zote unafika tani 15 mpaka 20, bila hicho chuma mbao zingejikunja siku ya kwanza. Ndio maana kitu kinafika tu kifuani kwa mtu mzima na kinapita kilo 200. Mmoja akajaribu kona, akaiacha, akauliza tena malipo ni ngapi.

Dereva wa kanta, lile lori letu dogo, ndiye alituokoa. Huyu naye ni mwanafunzi wa Madam, aliachia gredi ya pili ya piano akaenda zake kusomea magari, lakini mpaka leo akirudisha gari nyuma anahesabu kwa sauti, moja-na, mbili-na, tatu-na, sidhani hata anajijua. Alikuwa ameazima kile kigari cha magurudumu madogo kwa jamaa wa kuuza friji, tukafunga kifuniko cha kii na utepe, tukainamisha piano nyuma kidogo tu, ikateleza kwenye mbao mbili mpaka juu, ikasimamishwa wima ikiegemea upande wa kebini, magodoro huku na huku, kamba ya kiunoni na nyingine ya miguuni. Kulaza piano chali usijaribu, kila mtu atakushauri uilaze, usimsikize.

Ilipotoka ukutani tukakuta nyuma yake shilingi. Nyingi, zimejaa vumbi, zingine za Kenyatta, nyingi za Moi. Mpwa wa Madam hakuelewa ni za nini na sisi wawili tukaanza kucheka. Madam alikuwa anakuwekea shilingi mgongoni mwa mkono, unapiga skeli ya C oktava mbili kwenda na kurudi, ikikaa mpaka mwisho ni yako unaenda nayo, ikianguka ni ya piano. Hivyo ndivyo alisema, "ni ya piano", na sisi miaka yote tulidhani ni njia ya kusema anairudisha kwa mkoba wake. Kumbe hakuwahi kuinama kuziokota. Mpwa amezipangusa akaziweka kwenye kopo la kakao, ukihesabu zote hazinunui hata mkate, lakini zimesafiri na sisi.

Kama humjui Madam: alifundisha muziki shule miaka mingi, akastaafu, na muda wote huo jioni na Jumamosi alikuwa anafundisha watoto wa mtaa piano kwa sebule yake. Unavua viatu mlangoni, unanawa mikono na sabuni kwenye beseni, kikata kucha kimefungwa uzi kwenye kile kibao cha kuwekea karatasi, na kama kucha zako zinagonga kii somo halianzi. Wenye pesa walilipa pesa. Wasiokuwa nayo walileta mayai au debe la makaa, na yote yaliandikwa kwenye daftari moja kwa mwandiko uleule, "mayai 6" iko mstari mmoja na ada ya mtoto wa daktari.

Na karibu sisi wote hatukuwa na piano nyumbani. Alikuwa anakata katoni ya sukari, anakuchorea kii kwa rula na kalamu ya wino, saizi kamili, nne oktava hivi, unaenda nayo nyumbani unaiweka kwa meza unapiga huku unaimba sauti kwa mdomo. Ukirudi Jumamosi anajua mara moja kama uliimba ama ulikuwa unagusa karatasi tu. Sijui alijuaje.

Alikufa mwaka jana. Ukurasa wa mwisho wa lile daftari ameandika piano iende nyumbani Maragoli, ikae kwenye kanisa la kijijini kwao, watoto waipige, na isifunikwe kitambaa. Amepigia mstari hapo kwa kitambaa.

Sasa kuna kitu lazima nikieleze mapema ama safari yote haitaeleweka. Piano ya Madam ilikuwa imeshuka nusu toni. Yaani ukibonyeza C inatoka B, ukibonyeza A inatoka A bapa, yote imeshuka sawasawa, yenyewe kwa yenyewe iko sawa kabisa, ni vile tu imekaa chini ya dunia nzima. Na sisi tulianza pale tukiwa na miaka sita, saba, masikio bado ni udongo. C yetu ikawa ile. Siku ya kwanza alitupeleka Nairobi kufanya mtihani, kwenye matatu akatuambia, "Mkifika mtasikia piano yao imepanda, msishtuke, ni nyinyi mmetoka chini." Tukafika, nikabonyeza ile C ya katikati, nikahisi mtu amehamisha ukuta. Nilipita lakini. Mpaka leo kibodi ya kanisa ikianza naiskia imepanda, na nikikutana na mtu aliyefundishwa na Madam ananiambia yeye pia. Watu wanaongea juu ya mwalimu kuacha alama kwa wanafunzi, hii yetu unaweza kuipima na mashine.

ALHAMISI, NAKURU HADI KISUMU

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri kabla malori hayajaamka. Uongo, malori hayalali. Salgaa tulipita tukiwa tumebanwa kati ya matanki mawili ya mafuta na dereva hakusema neno mpaka tukafika Mau Summit, pale barabara inagawanyika, moja Eldoret, nyingine Kericho. Afisa wa polisi alitaka kujua turubai inaficha nini, akaonyeshwa barua ya chifu, akapapasa godoro, akasema endeni. Baridi ya huko juu inaingia mpaka kwa meno.

Njiani dereva alinihadithia vile aliacha. Mimi nilidhani aliona piano ni ya wasichana, ndio ilikuwa sababu ya wavulana wengi. Yeye anasema hapana, aliacha kwa sababu ya mkono wa kushoto. Madam alikuwa anafundisha wimbo wowote mkono wa kushoto kwanza, peke yake, wiki mbili tatu, unapiga ile besi tu boom boom hakuna kitu unaweza kuonyesha watu nyumbani. Ule wa kulia wenye tyuni unakuja baadaye. Dereva alikuwa anataka tyuni. "Lakini nikwambie," akasema, "nikiwa kwa kesha wanaimba, mimi naskia besi kwanza, wale wengine wote naskia baadaye." Halafu akaanza kulalamika juu ya bei ya dizeli.

Kericho mvua ilitukuta, ile ya kule inayonyesha karibu kila siku baada ya saa nane na majani chai yanashangilia. Hii ilikuja mapema. Tukasimama kwa kituo cha mafuta kukaza turubai, na hapo ndio alikuja dada mmoja tuliyesoma naye, sasa ni muuguzi, nilikuwa nimempigia simu kumwambia tunapita.

Sitaki kumfanya Madam malaika. Huyu dada akiwa na miaka kumi aliambiwa mbele yetu wote, "Wewe huna sikio, mwambie mama yako akutafutie kitu kingine." Hakurudi Jumamosi iliyofuata wala nyingine. Nilikuwepo, na hakuna mtu alisema kitu, hata mimi nilikuwa nafurahi kwamba sio mimi. Sasa amekuja na mwavuli, akapanda nyuma ya kanta, akatoa godoro kidogo, akasema hakumbuki kama ilikuwa nyeusi, kichwani mwake ilikuwa ya kahawia. Nikamuuliza kama atakuja Jumapili kwenye ibada ya ukumbusho. Akasema ana shifti, na hata kama hangekuwa nayo hangekuja. Watoto wake wawili amewapeleka kwa mwalimu mwingine wa piano hapo Kericho, mpole, na alipowapeleka alimwambia yule mwalimu kitu kimoja tu, kwamba kama wanangu hawana sikio uniambie mimi kwa simu, usiwaambie wao. Akatununulia mahindi ya kuchoma akaenda kazini. Nafikiri yeye ndiye mtu amesema kitu cha maana zaidi wiki hii na hayupo kwenye programu.

Kutoka Kericho unashuka tu. Kapsoit, halafu chini, chini, majani chai yanaisha, miwa inaanza, Awasi joto limeshakukamata, Ahero mashamba ya mpunga yako huku na huku na akina mama wanauza mchele kando ya lami. Tumeshuka karibu mita elfu moja kwa saa chache, na kila tuta la barabarani, na Ahero hawakununua matuta kwa rejareja, zile nyuzi nene za besi zinaunguruma huko nyuma, tunaskia mpaka kebini. Mtu wa boda alitusongea dirishani akatuuliza tumebeba ng'ombe ama nini.

Kisumu tukaingia saa kumi. Kanta imelala ndani ya kompaundi ya dada mwingine wa enzi zetu, anafundisha kwaya na anakaa mtaa wa Tom Mboya. Kwa ukuta wa sebule yake zimetundikwa piano za karatasi, saba nane, zimechorwa kwa rula na wino. Anafundisha watoto wa jirani hivyohivyo. Ana kibodi moja ya stima na watoto kumi na kitu, kwa hivyo wengine wanapiga karatasi wakisubiri zamu. Nikamuuliza mbona asitumie hizi apu za simu. Akaniangalia tu.

Jioni tumekula samaki pale Dunga, mbuta nzima na ugali na mboga ya osuga, mtu asiniulize zaidi.

IJUMAA, KISUMU

Leo ni fundi. Mafundi wa piano Kenya nzima ni wachache mno, na huyu mzee ndiye alikuwa anazunguka zamani kwa treni na baadaye kwa basi, mashule na makanisa na majumba ya Wahindi, kutoka Nakuru mpaka mpakani. Amezeeka, amerudi kukaa kwao karibu na Kisumu. Dada wa kwaya ndiye alimtafuta. Akaja na mfuko wa ngozi, akashikilia mkono wa piano kwanza kama anayesalimia, halafu akasema, "Huyu namjua. Huyu ni mimi nilimshusha."

Hapo tukakaa chini.

Hadithi ni hii. Hii piano ilitengenezwa Uingereza, zile za kuuzwa nchi za joto, ndani pembe zote zimekazwa na skrubu za shaba juu ya gundi, kwa sababu gundi ya zamani ikikutana na unyevu wa huku inaachia. Ilikuja na mzungu wa shamba upande wa Molo, mzungu akauza kila kitu wakati wa uhuru, ikapita mikono miwili, Madam akainunua na mkopo. Miaka ya themanini nyuzi za besi zikaanza kukatika, mbili, halafu moja tena. Waya wa piano ni chuma maalum, zile za besi zimezungushiwa shaba, hakuna mtu alikuwa anatengeneza hapa. Na kuagiza kitu nje wakati ule, wale wakubwa wanajua, ulihitaji leseni na kibali cha pesa za kigeni, mambo hayo yalikuja kulegezwa mwanzo wa miaka ya tisini. Mwalimu wa shule angepataje kibali cha kununua waya tatu?

Kwa hivyo mzee akampa shauri. Ukishusha piano nzima nusu toni, mvuto wa nyuzi unapungua karibu asilimia 11, na zile zilizochoka zitaishi. Akazifunga zile zilizokatika fundo, ndio, waya wa piano unaweza kuufunga fundo kama una mkono, akashusha zingine zote, alikaa siku mbili. Akamwambia Madam ukipata waya nitampandisha tena. Madam akasema sawa. Waya hazikuja, au zilikuja bei ya ng'ombe, na baadaye watoto walikuwa tayari wameshajaa na hakutaka kufunga sebule.

"Nikamwambia asijali," mzee akasema, "wazungu wenyewe wakipiga muziki wa zamani, wa wakati wa Bach, wanashusha hivyohivyo, A wanaiweka 415, yaani mitetemo kwa sekunde. Hii 440 ni makubaliano tu, walikaa London mwaka 1939 wakakubaliana." Madam alilipenda hilo neno sana. Nakumbuka alikuwa anatuambia piano yetu ni ya karne nyingine, tulidhani anamaanisha imezeeka.

Mzee akatoa uma wa sauti, ule wa chuma, akaugonga kwa goti, akausimamisha juu ya mbao ya piano na mbao yote ikaimba A. Halafu akabonyeza A ya Madam. Mimi na dereva na yule dada tukaangaliana maana ile ya piano ndio ilikuwa sawa kwetu, ni uma ndio ulikuwa juu. Mzee akapima na simu. Senti 130 chini, senti za kupimia sauti, sio za pesa. Nusu toni ni senti 100, hizo 30 ni za miaka ya karibuni mkono wa Madam ukiwa umechoka na hakuna fundi aliyekuja.

Tukamwambia aikaze basi, kesho tunapanda Maragoli na Jumapili ni ibada. Akakataa kabisa. Anasema piano imetoka mahali pakavu imepita baridi imekuja joto la ziwa, ule ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi unakunywa unyevu unavimba, unasukuma nyuzi, sauti inahama yenyewe kwa wiki kadhaa. Ukiityuni leo umetupa pesa. Iache itulie, atakuja yeye mwezi ujao. Akatoa tu penseli mbili, pini ya nywele na kipande cha biskuti cha miaka mingi kutoka chini ya kii, akasugua kii moja iliyokuwa inaganda kwa unyevu, akatupa shauri moja: Nakuru Madam alikuwa anaweka kopo la maji ndani ya piano wakati wa kiangazi ili isikauke, kule Maragoli kwa mvua ile mfanye kinyume, muweke balbu ndogo ya stima chini ndani, iwake usiku, inatoa unyevu na panya hawapendi. Panya wanakula ile sufu ya vinyundo, nondo pia.

Pesa ya leo alikataa. Alichukua samaki.

JUMAMOSI, KUPANDA

Fupi. Mamboleo, Riat, kanta inalia, Kiboswa, hapo unavuka ikweta bila hata kujua, halafu Majengo, halafu Mbale, mawe makubwa ya Maragoli yamekaa katikati ya mahindi na migomba mtu amejenga nyumba kando ya jiwe kubwa kuliko nyumba. Lami ikaisha. Kile kipande cha mwisho cha udongo mwekundu kilikuwa kimelowa na tukalazimika kushuka kusukuma.

Kijijini hatukuhitaji wabebaji. Wanaume walikuwa wengi hata nikaogopa zaidi, kila mmoja anatoa amri, mpaka dereva akapanda juu ya kanta akaanza kuhesabu, moja-na, mbili-na, na lile kundi lote likaanza kutembea kwa hesabu yake. Ikaingia kanisani saa tisa kasoro, mvua ikaanza saa tisa.

Mdogo wake Madam, mzee wa kanisa, alituonyesha pale Madam aliposimama akiwa mtoto kuimba solfa, ile ya do-re-mi. Baba yao alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyumba nzima ilisoma solfa kabla ya kusoma herufi, d r m f s l t zimeandikwa kwa chaki kwenye mlango. Kinanda cha kwanza alichogusa kilikuwa kile cha wamisheni cha kukanyaga kwa miguu, upande wa Kaimosi, na miguu yake haikufika, kwa hivyo huyu mdogo wake ndiye alikuwa anakaa chini anasukuma pedali kwa mikono huku dada yake anapiga juu. "Mimi ndiye nilikuwa upepo," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akina mama wakaingia na kitambaa. Cha krosheti, cheupe, kimefumwa vizuri sana, kipimo cha piano kabisa, mtu alikuwa ametuma vipimo kwa simu kutoka Nakuru. Nikamwangalia mpwa wa Madam, mpwa akaangalia dari. Hakuna mtu alikuwa na moyo wa kutoa lile daftari. Kikawekwa.

JUMAPILI, IBADA

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wanafunzi wa Madam walikuja kutoka Eldoret, Bungoma, Nakuru, wawili kutoka Nairobi, kuna jamaa anafundisha hesabu, kuna wa benki, kuna mmoja anapiga kibodi bendi ya rumba kwenye klabu na hakujificha.

Sasa kuhusu kibodi. Mnajua vile vijana wengi wa kanisa wanajifunza. Unajua kii moja, yaani sauti moja ya kuanzia wimbo, mara nyingi C, na kwaya ikianza kwa F ama A bapa unabonyeza transpozi mara kadhaa mashine inakuhamishia, vidole vinabaki palepale. Madam alichukia hicho kibonye. Kwenye kanisa letu Nakuru alikibandika plasta, ya dukani ile ya kidonda, na kila ikitoka alibandika nyingine. Alitulazimisha kupiga wimbo uleule kwa kii zote kumi na mbili, ndio maana nilichukia Jumamosi kwa miaka miwili mizima. Solfa aliiheshimu kwa sababu kwa solfa Do ni popote unapoiweka, unaihamisha kwa kichwa chako. Transpozi aliona inahama kwa niaba yako.

Basi dada wa kwaya kutoka Kisumu akakaa kwa piano kuanzisha wimbo wa kwanza, na kijana wa kanisa, miaka kumi na saba hivi, shati jeupe, akaingia na kibodi yake kwa kii ileile ya F. Sauti iliyotoka siwezi kuieleza. Senti 130 tofauti, spika mbili kubwa. Mtoto mmoja mbele akaziba masikio. Kijana akatuangalia, akaangalia vidole vyake, ni sawa, akapiga tena, ikawa mbaya zaidi.

Na sisi wanafunzi wote, mabenchi matatu, tukaanza kutikisika. Tulikuwa tunajaribu kutocheka, ni kanisa, ni ukumbusho, jamaa wa benki ameficha uso kwa kitabu cha nyimbo. Kwa sababu kila mmoja alikuwa amejua jibu na hakuna aliyetaka kuwa wa kulisema. Mwishowe yule mzee fundi, tulikuwa tumemleta, akasema kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kijana, bonyeza transpozi. Chini, mara moja."

Benchi letu likaporomoka. Mpwa wa Madam alitoka nje kabisa.

Kijana akabonyeza. Bado haikukaa, zimebaki zile senti 30, mzee akaenda mwenyewe akaingia kwenye mipangilio, akaitoa 440 akaishusha mpaka 432, ikakaa. Jamaa wa rumba akaninong'oneza kwamba sasa wale watu wa Youtube wa uponyaji wa 432 wakisikia watahamia Maragoli. Kwaya yenyewe haikuwa na shida hata kidogo, walipewa Do wakaichukua pale ilipokuwa wakaenda, sauti nne, bila karatasi, wazee wa besi ukutani wanatetemesha bati. Dereva alikuwa nao. Sikujua anaimba.

Hotuba zilikuwa ndefu, naziruka. Mtu mmoja alisema Madam hakuwahi kukasirika na nikaona watu kadhaa wanaangalia viatu.

Baada ya chakula watoto walipewa piano. Wakapanga foleni, kila mtu kidole kimoja, na akina mama walikikunja kile kitambaa wenyewe bila kuambiwa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta ya kuku. Dada wa Kisumu akachota maji kwenye beseni, akatafuta sabuni, foleni ikarudi nyuma yote kunawa. Msichana mmoja mdogo alibonyeza kii moja tu ya besi, ya mwisho kabisa kushoto, akaishikilia mpaka ikaisha kabisa, halafu akaibonyeza tena, na wale wa nyuma wanampigia kelele aondoke.

JUMATATU, KABLA YA KUSHUKA

Asubuhi tulikaa na chai na nduma kuamua, na hatukukubaliana. Fundi anasema mwezi ujao anaweza kufanya moja kati ya mbili. Aikaze pale ilipo, nusu toni chini, iwe sawa yenyewe kwa yenyewe. Au tutafute seti mpya ya nyuzi za besi kutoka nje, siku hizi hakuna kibali ni pesa tu, aipandishe polepole mpaka 440, na hapo hatoi ahadi juu ya zile za juu, zinaweza kukatika.

Mimi nilisema iachwe. Najua ni kwa sababu ya masikio yangu, lakini nilisema. Dada wa Kisumu alinijia juu. Anasema watoto wa hapa wataenda mashindano ya muziki ya shule, watafanya mitihani, watapiga na kibodi za watu, kwa nini wabebeshwe C ya mtu mwingine, sisi tulikuwa na Madam wa kutuambia msishtuke, hawa wataambiwa na nani? Nikakosa la kusema. Jamaa wa hesabu akasema basi wafundishwe solfa kwanza na hiyo shida imeisha. Mpwa akasema huo ndio ulikuwa mpango wa shangazi yake siku zote.

Mdogo wa Madam alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Zikikatika, wanangu, nani ataleta waya?" Kwa hivyo kwa sasa inabaki chini, fundi anakuja katikati ya Septemba, balbu imeshawekwa, wati 15, na kijana wa kibodi amepewa ufunguo wa kanisa kwa sharti kwamba atajifunza mkono wa kushoto.

Dada wa Kisumu hajakubali. Tukiwa bado Mbale alikuwa ameshafungua mchango wa nyuzi kwenye grupu, ameweka elfu moja ya kwanza mwenyewe. Dereva ameweka mia mbili, akaandika ni ya waya za besi peke yake, hizo zingine mtajijua.